Gumegume na Fataki: Bei, Upatikanaji na Nguvu katika Historia ya Bunduki za Afrika Mashariki



Nawashukuru walioandaa mfululizo huu wa mihadhara kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa ukubwa wake halijazi ncha ya kidole. Najua kwamba baadhi yenu, na hasa vijana waliokaa nyuma, mliposoma tangazo la mhadhara huu mlidhani nitazungumzia wanaume watu wazima wanaowarubuni wasichana wa shule. Maana hiyo ya neno fataki ilienea Tanzania kutokana na kampeni ya redio iliyoanza mwaka 2008, na ilishika kwa nguvu kiasi kwamba mtu akiitwa fataki mtaani haulizi tena ameitwa nini. Wengine labda mlitarajia habari za fashifashi za mkesha wa Mwaka Mpya. Mimi nakusudia kurudi nyuma ya maana zote mbili, kwenye maana ambayo kamusi za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20 ziliitanguliza: fataki ni kikombe kidogo cha shaba, chenye tone la dawa ya kulipuka ndani yake, kinachowasha baruti ya bunduki.

Dai langu ni hili. Wanahistoria wa Afrika Mashariki wamezihesabu bunduki kwa bidii kubwa, lakini wameuliza mara chache mno bunduki hizo ziliwashwa na nini, na kitu hicho cha kuwashia kilipatikana wapi na kwa bei gani. Tukiuliza swali hilo, mambo kadhaa yaliyohesabiwa kuwa ujinga wa wenyeji yanaonekana kuwa hesabu nzuri ya mnunuzi mwenye busara. Aidha, tunaona kwamba sheria za kikoloni za silaha zilichora mstari wake mahali pale pale ambapo fataki ilikaa.

Niruhusuni nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta hapa. Msamiati wa bunduki katika Kiswahili ni ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi. Bunduki, baruti na risasi yametufikia kwa njia ya Kiarabu, na neno la tatu awali ni jina la madini yenyewe, yaani lead ya Waingereza. Fataki nayo inafanana mno na fatakda ya Kigujarati, ambayo ni fashifashi za kulipuka. Wala haishangazi, maana aliyeuza kopo la fataki Unguja au Bagamoyo kwa kawaida alikuwa mwenye duka wa Kihindi. Lakini sehemu za bunduki ambazo fundi wa bara alizishika kwa mkono wake zilipata majina ya Kibantu au majina yaliyokwisha kuzoeleka: mtambo, mdeki wa kushindilia, tako, na kifa, jina ambalo kamusi za zamani hulitumia kwa mahali pa kuwashia baruti, pawe kisahani au chuchu ya chuma. Gumegume ni jiwe gumu la kutoa cheche, na kwa njia hiyo likawa jina la bunduki nzima inayotumia jiwe hilo. Kwa ufupi, kilichoweza kutengenezwa au kukarabatiwa nyumbani kilipewa jina la nyumbani. Fataki haikupata jina la namna hiyo, na nitajaribu kuonyesha sababu yake.

Katika bunduki ya gumegume, mtu akishavuta mtambo, jiwe hugonga chuma, cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kisahani, na moto huo hupenya tundu na kuwasha baruti iliyo ndani ya mtutu. Udhaifu wake unajulikana. Upepo hupeperusha baruti ya kisahani, mvua huilowesha, na mnyama huuona mwako kabla risasi haijatoka. Inasemekana ni ndege waliokuwa wakiukimbia mwako huo waliomfanya Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie huko Scotland, atafute njia nyingine. Mwaka 1807 alipewa hataza ya mtambo uliotumia dawa inayolipuka kwa kugongwa. Baada ya muda mfupi, katika miaka ya 1820, dawa hiyo ilianza kutiwa ndani ya kikombe cha shaba kinachovikwa juu ya chuchu ya bunduki. Waliodai kubuni kikombe hicho ni wengi, nasi hatuna haja ya kuamua ugomvi wao. Mwaka 1834 Waingereza walifanya majaribio huko Woolwich kwa kupiga mishindo 6,000 kwa kila aina ya bunduki. Za gumegume zilikataa kulia mara 922. Za fataki zilikataa mara 36 tu.

Kwa tarakimu hizo mtu anaweza kufikiri kwamba mjadala umekwisha: mwenye akili atachagua fataki. Jeshi la Uingereza lilifanya hivyo, na majeshi mengine ya Ulaya yakafuata. Lakini jeshi halinunui fataki dukani. Jeshi lina kiwanda, lina ghala, lina meli, na lina afisa ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kopo moja likiisha jingine limekwisha kufika. Mwindaji wa tembo wa Unyamwezi au Manyema hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa na bunduki moja, na njia ya miezi mitatu kati yake na pwani.

Tuitazame hesabu yake. Baruti ilitoka pwani kwa vipipa, ni kweli, lakini iliuzwa katika kila soko kubwa la njia ya misafara, haikuwa na saizi, na aliyepungukiwa aliweza kutia kidogo. Risasi ya madini ikikosekana, kipande cha chuma au cha waya wa shaba kilitumika, ingawa mtutu uliumia. Jiwe la gumegume likivunjika, lilitafutwa jingine. Fataki ilikuwa na tabia tofauti kabisa. Kwanza, ilitumika mara moja na kuisha: kila mshindo ulidai fataki yake. Pili, ilikuwa na saizi. Fataki iliyo kubwa kuliko chuchu huanguka mtu anapotembea. Iliyo ndogo haikai sawasawa, na nyundo inapopiga huisukuma badala ya kuilipua. Za jeshi, zenye ukingo uliopinduka kama kofia, zilitengenezwa kwa chuchu pana, na za wawindaji zilikuwa na namba zake. Hivyo basi mnunuzi hakuuliza tu kama dukani mna fataki, aliuliza kama mna fataki za bunduki yake. Tatu, iliharibiwa na unyevu, na sote tunaijua hewa ya pwani yetu. Nne, na hili ndilo kubwa, haikuweza kutengenezwa. Mhunzi wetu aliweza kutengeneza kamani, parafujo, hata tako jipya la bunduki. Lugard, aliyekuwa Buganda mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, aliwasifu waziwazi mafundi wa bunduki wa huko. Lakini dawa ya fataki ilitokana na zebaki na kazi ya kikemia isiyofanyika kwa mvukuto na nyundo. Ilitoka London, Birmingham na miji mingine michache ya Ulaya, katika vikopo vya bati vya fataki mia au mia mbili na hamsini, na haikuwako njia nyingine.

Kwa sababu hiyo, nashindwa kukubaliana na wale wanaoandika kwamba wafanyabiashara wa Ulaya waliwatupia Waafrika gumegume kama takataka, nao wakapokea kwa kutojua. Kwamba nyingi zilikuwa mbovu, sikatai. Iko mitutu iliyopasukia mikononi mwa wenyewe. Lakini ubovu wa mtutu ni jambo moja na uchaguzi wa mtambo ni jambo jingine. Birmingham na Liège ziliendelea kuunda bunduki mpya za gumegume kwa ajili ya soko la Afrika miaka mingi baada ya majeshi yao kuziacha. Mwenye kiwanda haundi kitu kipya ambacho mnunuzi hakitaki.

Ushahidi ninaoupenda zaidi hautoki kwa Mwafrika bali kwa mtu ambaye hakuna awezaye kusema alikosa fedha wala habari. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone kwa gharama ya gazeti la New York Herald. Katika kitabu chake ameorodhesha silaha alizochukua. Kwa ajili yake na Wazungu wenzake zimo bunduki za kisasa za wakati ule, Winchester na Henry miongoni mwazo. Kwa ajili ya askari wake wa Kiswahili zimo bunduki 24, naye ameandika waziwazi kwamba ni za gumegume. Mtu huyu angeweza kununua bunduki za fataki kwa askari wote na pesa ikabaki. Alinunua zile ambazo zingeendelea kulia hata kama kopo la mwisho la fataki lingezama mtoni.

Sasa tuangalie upande wa bandari. Mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said na Marekani, uliotiwa saini mwaka 1833, una kifungu ambacho wanafunzi wa historia hukiruka. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa za kila aina kwa bei watakayo, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo katika kisiwa cha Unguja wasingemuuzia mtu yeyote ila Serikali. Katika bandari nyingine zote za Sultani ziliruhusiwa kuuzwa bila kizuizi kwa atakayetoa bei kubwa. Tazameni mambo mawili. La kwanza, Sultani alijua tofauti ya kisiwa chake, ambako kiti chake kilikuwa, na Mrima, ambako bunduki zingekwenda bara na kurudi zikiwa pembe. La pili, orodha ni ya vitu vitatu. Fataki haimo. Mwaka 1833 haikuwa bado kitu ambacho mtawala wa Unguja alihitaji kukitaja.

Nusu karne baadaye hali ilikuwa nyingine. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha bunduki za kushindilia kwa mdomo na kuchukua zile zinazojazwa kwa nyuma, kisha zikaja zenye kasha la risasi nyingi. Kila jeshi lilipobadilisha, maelfu kwa maelfu ya bunduki za fataki yaliuzwa kwa bei ya chini na kutafuta soko. Soko mojawapo lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Kanali Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki zilizoingia kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Tarakimu hii imenukuliwa na takriban kila mwandishi aliyefuata, na mara nyingi husomwa kana kwamba kila bunduki iliyoshushwa forodhani ilikuwa mshindo uliokwisha kulia. Fanyeni hesabu ndogo. Tukichukua bunduki 50,000 tu kuwa za fataki, na tukadhani kila moja ilipigwa mara 20 kwa mwaka, ambayo si mara nyingi kwa mwindaji, zingehitajika fataki milioni moja kila mwaka, za saizi sahihi, zilizo kavu, zifike Tabora, Ujiji na Nyangwe. Aliyeuza bunduki aliuza mara moja. Aliyeuza fataki alimshika mnunuzi kwa muda wote ambao bunduki ile iliishi.

Hapa ndipo inapofaa kumtaja Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ndefu katika lugha yetu. Mwezi Februari 1887 Stanley alifika Unguja akiwa na safari nyingine, ya kumwokoa Emin Pasha aliyezingirwa Equatoria. Shehena yake inasomeka kama hesabu ya ghala la jeshi: bunduki 510 za Remington pamoja na risasi zake 100,000, Winchester 50 na risasi 50,000, tani mbili za baruti, na fataki 350,000. Wasomaji wengi hushangazwa na bunduki ya Maxim iliyokuwamo. Mimi hushangazwa na fataki. Mtu aliyekuwa na Remington na Winchester, silaha ambazo kila risasi huja na fataki yake ndani, alibeba fataki laki tatu na nusu za kuuzia, kugawia na kuwapa askari wa Emin na wengineo wenye bunduki za zamani. Alijua kwamba katika bara la Kongo fataki ni fedha.

Stanley na Tippu Tip walikubaliana Unguja. Tippu Tip angekuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na angetoa wapagazi 600 wa Kimanyema wa kubeba mizigo ya msafara. Wakasafiri pamoja kwa meli ya Madura, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo. Yaliyofuata yameandikwa mara nyingi na waandishi wa Kizungu kama kisa cha Mwarabu aliyevunja ahadi. Wapagazi hawakuja kwa wakati. Kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya chini ya Meja Barttelot kilikaa pale kwa takriban mwaka mzima, watu wakafa kwa njaa na maradhi. Kilipoondoka Juni 1888 kikiwa na Wamanyema wapatao 430, hakikufika mbali kabla Barttelot mwenyewe hajauawa kwa risasi tarehe 19 Julai.

Tippu Tip aliliona jambo hili kwa namna yake. Alishikilia kwamba katika makubaliano ilikuwa juu ya Stanley kutoa baruti na zana za bunduki za watu wale, na kwamba Stanley hakuzitoa. Waandishi wa Ulaya wamelichukulia jibu hilo kuwa kisingizio, na sisi tusiojua thamani ya fataki tumewafuata. Lakini jiwekeni mahali pa Mmanyema wa 1887. Unaitwa uingie katika msitu usioujua, kati ya watu ambao ndugu zako wamewashambulia kwa miaka mingi, ukiwa na mzigo wa mwenzio kichwani na bunduki ya kushindilia begani. Unaambiwa baruti na fataki uje nazo mwenyewe. Bei yake huko Stanley Falls, maelfu ya kilomita kutoka duka la Unguja, unaijua wewe. Kukataa kwako si uvunjaji wa ahadi. Ni kukataa kugharimia safari ya mtu mwingine. Sisemi kwamba Tippu Tip hakuwa na hesabu nyingine moyoni. Mfanyabiashara wa daraja lake hakukosa hesabu nyingine. Nasema kwamba sababu aliyoitoa ilikuwa sababu ya kweli, na kila mtu katika kambi yake aliielewa bila kufafanuliwa.

Wakati huohuo huku Mrima vita vya 1888 na 1889 dhidi ya Kampuni ya Wajerumani vilikuwa vimeanza. Kuanzia Desemba 1888 manowari za Uingereza na Ujerumani zilizunguka pwani, kwa jina la kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na miezi michache baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini Hati ya Jumla ya kukomesha biashara ya watumwa. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa walioshiriki. Vifungu vya silaha katika hati hiyo vilihusu eneo lote la Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Ndani ya eneo hilo uingizaji wa silaha na risasi ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa utaratibu maalumu: zitunzwe katika maghala ya serikali, zitolewe kwa kibali.

Lakini iliachwa nafasi moja. Serikali ziliweza kuruhusu, katika sehemu zitakazoona zinafaa, uuzaji wa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yasomeni maneno hayo pamoja na tuliyokwisha kusema. Wanadiplomasia wa Ulaya hawakuchora mstari kati ya silaha kubwa na ndogo, wala kati ya ya vita na ya uwindaji. Waliuchora kati ya jiwe na fataki. Gumegume ilikuwa silaha ambayo mwenyewe angeweza kuiendesha, nayo iliruhusiwa kwa kuwa ilikuwa dhaifu. Fataki, na kila bunduki iliyokuja baada yake, iliwekwa chini ya kufuli. Uchaguzi ambao mwindaji wa Unyamwezi aliufanya kwa sababu ya bei na upatikanaji sasa aliulazimishwa kwa sheria, na tangu hapo gumegume ikaanza kuwa alama ya unyonge. Katika Kiswahili cha baadaye, gumegume ni pia mtu asiyefaa kitu. Sidhani maana hiyo ilizuka kwa bahati tu. Walioinuka mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji walikuwa na mikuki, pinde, na bunduki za kushindilia, mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Tunazungumza sana juu ya maji yaliyotarajiwa kugeuza risasi kuwa maji, na ni haki tuyazungumze. Tuzungumze pia juu ya miaka 15 ya sheria iliyotangulia.

Hata aliyepata silaha ya kisasa hakutoka katika kifungo hiki. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Zelewski huko Lugalo na kuteka mamia ya bunduki. Bunduki za namna hiyo zilitumia viasi vya shaba. Naomba mlitazame neno kiasi. Katika kamusi za zamani kiasi cha bunduki ni kile tukiitacho leo risasi nzima: ganda, baruti, risasi na fataki katika kitu kimoja. Ni neno la kipimo, na limechaguliwa vizuri, maana baruti ilikuwa imekwisha kupimwa kiwandani. Lakini aliyepima ndiye aliyeshika mpini. Fataki ilikuwa imehama kutoka juu ya chuchu na kujificha katika kitako cha ganda, na mtu aliyeteka bunduki mia tatu bila kiwanda cha viasi alikuwa ameteka kiasi fulani cha mishindo, si zaidi.

Fataki hiyo iliyojificha ina historia yake fupi ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu inafika hadi leo. Mwaka 1866 watu wawili walibuni njia mbili za kuitia katika kitako. Hiram Berdan, Mmarekani, aliweka kijifuawe cha kugongea fataki katika ganda lenyewe, na matundu ya moto yakawa pembeni. Edward Boxer, Mwingereza, alikiweka kijifuawe ndani ya fataki, na tundu la moto likawa moja, katikati. Kwa kichekesho cha historia, Ulaya ilipenda njia ya Mmarekani na Marekani ikapenda njia ya Mwingereza. Tofauti si ndogo. Ganda la Boxer likishatumika, sindano moja hupita katika tundu la katikati na kuisukuma fataki kuukuu itoke, ganda likajazwa tena. La Berdan halikubali hivyo kwa urahisi. Hivyo ni huko Marekani ambako raia wa kawaida wamejenga desturi ya kuokota maganda ya bastola zao uwanjani na kuyajaza upya nyumbani, kwa lengo la kupunguza gharama. Ni watu wa mbali na hadhira hii, lakini wanajibu swali letu kwa namna ambayo nyaraka za Unguja haziwezi.

Mtu huyo ana ganda, nalo hutumika mara nyingi. Risasi anaweza kuisubu mwenyewe. Baruti hununua kwa kopo, na kopo moja hutosha mishindo mingi. Fataki tu ndiyo asiyoweza kuitengeneza wala kuitumia mara mbili, kama Mmanyema. Naye pia huulizwa saizi: kwa bastola ziko ndogo, zenye kipenyo cha takriban milimita 4.45, na kubwa, za takriban milimita 5.33. Bastola ya milimita 9 hutumia ndogo. Ya .45 kwa kawaida hutumia kubwa, lakini viwanda vingine vimetoa maganda yake yenye nafasi ya fataki ndogo, na asiyechambua maganda yake kabla ya kununua huona hasara mkononi. Ziko zenye moto mkali zaidi kwa baruti nzito kuwaka. Na anayebadili aina ya fataki kwa sababu ya unafuu wa bei hushauriwa ashushe kipimo cha baruti na kuanza upya, maana msukumo ndani ya bastola haubaki uleule. Zinauzwa katika vijisanduku vya mia mia, kama vile vikopo vya bati vya karne ya 19.

Kabla ya 2020 fataki elfu moja za bastola zilipatikana kwa dola 30 hadi 40 hivi. Mwaka huo mahitaji yaliruka, rafu zikabaki tupu, na mwenye bunduki alikuwa na kila kitu ila kile kidogo. Bei ilipita dola 100 mara nyingi. Viwanda vikubwa vya fataki nchini mle vilikuwa vinne tu kwa majina, CCI, Federal, Winchester na Remington. Remington ilipofilisika mwaka 2020, shughuli yake ya risasi ilinunuliwa na Vista Outdoor, kampuni ambayo tayari ilimiliki mbili za kwanza. Wanunuzi wakageukia za nje, zikiwamo za kiwanda cha Ginex cha Goražde, Bosnia, ambazo wengi wao hawakuwahi kuzisikia. Walijadiliana juu ya ugumu wa kikombe, juu ya kama nyundo ya bastola fulani itazilipua au itazikataa, juu ya nani ana kopo la ziada na analiuza kwa bei gani. Nchi yenye bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko nyingine yoyote duniani ilikuwa inazungumza lugha ya soko la Tabora.